Hayati Kardinali Rugambwa: Msomi Aliyerudi Kuwaongoza Wakubwa Zake

Ndugu Mhariri wa jarida hili la wanafunzi wa zamani wa Rubya amenitaka niandike kitu kitakachowafaa vijana wetu wanaomaliza vyuo vikuu na kuanza kazi. Kamati ya mkutano wetu inasema kuwa waajiri wengi wanalalamika. Vijana wanakuja na vyeti vizuri, lakini hawajui kufanya kazi na wenzao, na wakipewa watu wa kuwaongoza ndipo matata yanapoanza. Kwa kuwa kazi yangu Serikalini ni ya utumishi, Kamati imeona kwamba mimi ndiye ninayestahili kutoa darasa hilo.

Darasa sitalitoa. Miongozo ya namna hiyo imejaa makabatini mwa ofisi zetu, na sijaona mtu aliyebadilika kwa kuisoma. Badala yake nitaeleza maisha ya mtu mmoja aliyekaa katika madarasa yetu haya haya, Hayati Mwadhama Laurean Kardinali Rugambwa. Najua wazee wataniambia kuwa habari zake zinajulikana. Zinazojulikana ni za kofia nyekundu ya mwaka 1960. Mimi ninazitaka zaidi za miaka minane kabla ya hapo, alipokuwa msomi mpya aliyekabidhiwa watu wa kuwaongoza, tena wengi wao wakiwa wamemtangulia.

Alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 katika kijiji cha Bukongo, Kamachumu, ambako sasa ni Wilaya ya Muleba. Nchi wakati huo ilikuwa ya Wadachi. Ukoo wake ulikuwa wa heshima. Kwa Buhaya ya siku zile, yenye Bakama na watwana wao, mtoto wa ukoo kama huo alizoea tangu utotoni kuona watu wazima wakipiga magoti mbele ya baba yake. Nalitaja jambo hili kwa sababu lingeweza kumharibu. Jina Rugambwa nalo, kwa Kihaya, linatokana na kugamba, yaani kusema, na maana yake ni kama mtu anayesemwa. Sisi wa Kimwani, tunaochekwa na wenzetu wa kaskazini kwa Kihaya chetu kilichochanganyika na Kizinza, hata hilo tunalielewa bila mkalimani.

Alibatizwa mwaka 1921, pamoja na wazazi wake. Hilo nalo si dogo, maana kijana huyu hakurithi dini kutoka kwa babu. Aliipokea siku moja na baba na mama, na nyumba nzima ikaanza maisha mapya kwa pamoja. Baadaye akaingia Seminari ya Rubya.

Wenzangu mliosoma Rubya mnajua maisha ya pale, nami sina haja ya kuyaeleza kwa kirefu. Kengele ndiyo iliyokuwa saa, na jembe lilikuwa somo kama Kilatini kilivyokuwa somo. Katika zamu ya kufagia, mtoto wa Mkama na mtoto wa mvuvi wa Kimwani walishika mifagio ya namna moja. Lakini liko jambo ambalo vijana wa siku hizi huenda hawalijui. Rubya ndipo mahali ambapo mapadri wa kwanza Waafrika wa nchi hii walipopewa upadri, tarehe 15 Agosti 1917, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Walikuwa wanne, wawili wa Buhaya na wawili wa Ukerewe. Mwaka huo Rugambwa alikuwa mtoto wa miaka mitano, tena hajabatizwa. Msomaji auweke mwaka huo akilini, maana tutaurudia.

Kutoka Rubya alikwenda Seminari Kuu ya Katigondo, upande wa Masaka, Uganda. Huko alikutana na vijana wa nchi nyingine. Akaona pia jambo ambalo halikuwako kwao, nalo ni eneo zima la Kanisa likiendeshwa na mapadri Waafrika. Masaka ilikuwa imekabidhiwa kwa mapadri wenyeji, na mwaka 1939 ikapata askofu wake Mwafrika, Joseph Kiwanuka, ambaye naye alikuwa amesomea sheria za Kanisa huko Roma na kupata udaktari. Kiwanuka ndiye askofu wa kwanza mweusi katika Afrika ya zama hizi. Nadhani macho ya Rugambwa yalijifunza mengi Katigondo kuliko masikio yake.

Tarehe 12 Desemba 1943 akapewa upadri. Akafanya kazi ya uchungaji huku kwetu kwa miaka kadhaa, na kazi ya padri wa siku zile ilikuwa ya miguu na baiskeli. Mwaka 1949 alikuwa Roma, katika Chuo Kikuu cha Urbaniana, kile cha shirika la kueneza imani. Mwaka 1951 akapata shahada ya udaktari katika sheria za Kanisa.

Hapa ndipo makala yangu inapoanza hasa.

Tarehe 13 Desemba 1951 Roma ilikata sehemu ya eneo la Bukoba, ikaiita Vikarieti ya Kitume ya Kagera ya Chini, makao yake yakiwa Rutabo. Siku hiyo hiyo Padri Daktari Laurean Rugambwa akateuliwa kuwa mkuu wake. Umri wake ulikuwa miaka 39, na wino wa shahada yake ulikuwa haujakauka. Tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu na Askofu Mkuu David Mathew, Mwingereza aliyekuwa Mjumbe wa Papa katika nchi hizi. Waliomsaidia kuweka wakfu walikuwa Askofu Joseph Blomjous wa Mwanza, Mholanzi, pamoja na Askofu Kiwanuka wa Masaka. Tanganyika ilikuwa bado mikononi mwa Waingereza kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. TANU haijazaliwa. Hakuna Mwafrika aliyekuwa Mkuu wa Wilaya. Katika hali hiyo Mhaya mmoja akawa sawa kwa daraja na maaskofu wa Kizungu.

Sasa tuutazame mzigo wenyewe kama ambavyo afisa utumishi angeutazama. Wa kwanza ulikuwa ni watu. Eneo hili lilikabidhiwa kwa mapadri wenyeji kama Masaka, na wenyeji hao hawakuwa wageni kwake. Kama mapadri wa kwanza walipatikana mwaka 1917, basi mwaka 1951 upadri wa Waafrika katika nchi yetu ulikuwa na umri wa miaka 34, na yeye mwenyewe alikuwa padri wa miaka minane tu. Maana yake ni kwamba chini yake walikuwamo watu waliokuwa wamesoma mbele yake na kuwekwa wakfu mbele yake, wanaozijua parokia njia kwa njia na nyumba kwa nyumba. Walikuwamo pia wenzake wa darasa, waliokuwa wakishindana naye katika Kilatini, na ambao bila shaka walijiuliza kwa nini yeye na si wao. Wale aliowaacha nyuma alipokwenda Roma walikuwa wamebaki wakibeba kazi. Kila aliyewahi kupandishwa cheo juu ya wenzake anaijua hali hiyo. Wakubwa wanasubiri wakuone ukikosea, wenzako wa rika wanasubiri wakuone kama umebadilika, na wadogo wanatazama wale wakubwa wanafanya nini.

Mzigo wa pili ulikuwa ni fedha. Mapadri Weupe walikuwa na shirika nyuma yao, na wafadhili wao huko Ulaya na Kanada. Mapadri wa jimbo hawakuwa na shirika. Askofu mpya ndiye aliyetakiwa kutafuta riziki ya watu wake.

Mzigo wa tatu haukuwa katika maandishi yo yote. Walikuwapo watu, Waafrika na Wazungu, waliotazama waone kama Mwafrika ataweza. Rutabo ikiyumba, aibu isingekuwa ya Rugambwa peke yake. Ingeambiwa kwamba Waafrika hawajawa tayari, na maneno hayo yangetumika kwa Kanisa na hata kwa mambo mengine ya nchi. Vijana wa leo, hata akishindwa mmoja, haishindwi Afrika. Huyu hakuwa na nafasi hiyo ya kushindwa.

Alifanya nini? Jambo la kwanza ambalo nataka tulitafakari limo ndani ya shahada yake yenyewe. Watu wengi wanadhani kuwa sheria za Kanisa ni orodha ya amri ambazo askofu huzitumia kuwakamata wengine. Lakini zile Kanuni za mwaka 1917, ambazo ndizo alizozisomea Rugambwa, zilimfunga pia mkuu mwenyewe. Ziliagiza kwamba Vikari wa Kitume awe na baraza la wamisionari wasiopungua watatu, wachaguliwe kati ya walio wazee na wenye busara, na katika mambo mazito asikie kwanza maoni yao. Haikusemwa kwamba lazima ayafuate. Ilisemwa kwamba lazima awasikilize.

Kwa hiyo yule daktari wa sheria alirudi nyumbani na elimu iliyomwambia kwamba kabla hajaamua jambo zito, awaite wazee. Naliona hili kuwa jambo kubwa. Msomi wa kawaida hurudi akiamini kwamba alichojifunza kinamwondolea haja ya kuwauliza waliobaki nyumbani. Kwa Rugambwa ilikuwa kinyume. Akiwauliza wazee, hakuwa anajishusha wala hakuwa anaonyesha udhaifu. Alikuwa anatekeleza kile alichokisomea. Na wale wazee, kwa upande wao, walipoitwa barazani hawakuwa wakiombwa fadhila. Ilikuwa haki yao. Pale ambapo pangeweza kuwa na kinyongo baina ya kijana aliyepanda na wazee waliopitwa, kulikuwa na utaratibu unaompa kila mmoja kiti chake.

Hapa niruhusiwe kutoka nje ya mada kidogo. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja ambayo sitaitaja wala sitataja mkoa wake, aliletwa kijana mwenye shahada nzuri kuongoza kitengo cha watu kumi na mmoja. Mkuu wa masijala pale alikuwa mama wa miaka zaidi ya 50, mwenye cheti cha kidato cha nne, aliyeijua kila karatasi iliyopata kuingia katika jengo lile. Kijana alianza kwa kubadili mpangilio wote wa majalada bila kumwuliza. Yule mama hakubisha, wala hakuandika barua. Aliitikia na kutii. Baada ya miezi miwili hapakuwa na jalada lililoonekana kwa wakati, na kila kijana alipouliza, alijibiwa kwa adabu kabisa kwamba mpangilio mpya ndio unaotafutwa. Nilipelekwa kusuluhisha. Kijana yule hakuwa mjinga, na mpangilio wake, nikisema kweli, ulikuwa bora kuliko wa zamani. Kilichokosekana ni nusu saa ya kukaa na yule mama kabla ya kuanza. Katika kazi yangu nimeyaona mambo ya namna hii mara nyingi kiasi kwamba yanapoletwa mezani najua mwisho wake kabla sijafungua jalada.

Turudi Rutabo. Tarehe 25 Machi 1953 Kanisa la Tanganyika lilipewa majimbo kamili, na Rugambwa akawa Askofu wa Jimbo la Rutabo. Jirani yake, katika Jimbo la Bukoba lililobaki, alikuwa Askofu Alfred Lanctôt, Mkanada wa shirika la Mapadri Weupe. Basi maaskofu wawili, mmoja mweusi na mmoja mweupe, walifanya kazi bega kwa bega katika nchi moja ya Buhaya, watu wao wakioana, wakiuziana kahawa na kuzikana. Ilikuwa rahisi sana kuligeuza jambo hili kuwa mashindano. Mashindano ya dini kwetu Buhaya si kitu kigeni, maana kila kilima kina kanisa lake na shule yake. Mwaka 1960 mipaka ikapangwa upya. Rutabo ikawa Jimbo la Bukoba chini ya Rugambwa, na Askofu Lanctôt akaenda Rulenge, mahali penye uchache wa kila kitu. Yaani mgeni alihamia kwenye kazi ngumu zaidi na mwenyeji akakabidhiwa mji. Mambo kama hayo hayawezekani pasipo watu wanaoaminiana kwa miaka.

Nizungumze pia juu ya makatekista, kwa kuwa mimi ni mtu wa Kimwani na kwetu bila katekista Kanisa lisingekuwako. Kimwani iko kusini kabisa mwa Muleba, kando ya ziwa, nchi ya uvuvi na mihogo kuliko migomba. Padri kufika huko zamani lilikuwa jambo la kungojewa. Katikati ya safari zake, katekista ndiye aliyefundisha, aliyesalisha, aliyezika na aliyeamua ugomvi. Mara nyingi alikuwa mtu wa elimu ndogo na ujira mdogo zaidi. Jimbo lo lote la Buhaya ya miaka ile ya 1950 lilisimama juu ya mabega ya watu hawa. Msomi wa Roma asiyeweza kukaa na katekista asingekuwa na jimbo, angekuwa na ofisi tu. Wenzangu mlio katika halmashauri badilisheni neno katekista muweke mtendaji wa kijiji, mtaona ninachokisema.

Habari za mwaka 1960 nitazipitia kwa haraka kwa sababu ziko katika vitabu vyote. Tarehe 28 Machi Papa Yohane wa 23 alimfanya kuwa Kardinali, wa kwanza mweusi wa Afrika. Katika kundi lile lile walikuwamo Peter Tatsuo Doi, wa kwanza wa Japani, na Rufino Santos, wa kwanza wa Filipino. Rugambwa alikuwa na miaka 47, na nchi yake ilikuwa haijapata uhuru. Dunia nzima ikataka kumwona. Alialikwa Ulaya na Marekani, vyuo huko Marekani vikampa shahada za heshima, na picha zake, mtu mrefu mwembamba aliyetulia, zikatoka magazetini kila mahali.

Jambo ambalo halisemwi sana ni hili: utukufu huo ungeweza kuliua jimbo lake. Mkuu anaposafiri mara kwa mara, kazi hulala, au huangukia mikononi mwa watu wawili watatu wasiojulikana kwa mamlaka gani. Mnaofanya kazi katika wizara mnalijua hilo vizuri. Mwaka 1961 Jimbo la Bukoba likapata askofu msaidizi, Placidus Nkalanga, naye mwenyeji. Mamlaka yakawa yanajulikana yuko nayo nani wakati mkuu hayupo. Rugambwa alipohamishwa baadaye, Nkalanga ndiye aliyerithi jimbo mwaka 1969, na kazi haikuanza upya kama kwamba hapakuwahi kuwa na mtu. Kumwandaa wa kukurithi ungali na nguvu si jambo linalopendwa sana katika utumishi wetu, na sababu zake sote tunazijua.

Kipimo kikubwa zaidi cha uwezo wake wa kufanya kazi na watu kilikuja katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofunguliwa Oktoba 1962 na kufungwa Desemba 1965. Maaskofu zaidi ya elfu mbili walikusanyika Roma kutoka duniani kote. Maaskofu wa Afrika walikuwa wachache wakilinganishwa na wa Ulaya. Tena wengi wao walikuwa bado Wazungu wamisionari, na juu ya yote walikuwa wamegawanyika kufuatana na wakoloni wao. Wa Kamerun, Kongo na Senegali walizungumza Kifaransa. Sisi wa Tanganyika, Uganda na Kenya, pamoja na wa Nijeria na Ghana, tulitumia Kiingereza. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuonana. Lugha ya mkutano yenyewe ilikuwa Kilatini. Kile Kilatini cha Rubya kikapata kazi.

Wakaamua kuunda sekretarieti ya maaskofu wa Afrika yote. Mwenyekiti wake akawa Kardinali Rugambwa. Makatibu walikuwa wawili, Askofu Mkuu Jean Zoa wa Yaoundé kwa upande wa Kifaransa, na Askofu Blomjous wa Mwanza kwa upande wa Kiingereza. Msomaji atakumbuka kwamba Blomjous ni yule aliyesaidia kumweka wakfu Rugambwa mwaka 1952. Miaka kumi baadaye yule aliyewekewa mikono akawa mwenyekiti, na aliyemwekea mikono akawa katibu. Blomjous alikuwa mtu mwenye mawazo mengi na kalamu nyepesi. Mwenyekiti mwenye wivu angemtafutia kazi ya mbali, na mwenyekiti mvivu angemwachia yote. Mpango wao uliwaweka katibu Mwafrika na katibu Mzungu, Kifaransa na Kiingereza, pande mbili za mwenyekiti ambaye pande zote zilimkubali.

Utaratibu wao wa kazi ulikuwa hivi. Maaskofu wa kila sehemu ya Afrika walikutana kwa makundi yao na kukubaliana, kisha mambo yakaletwa pamoja. Mara nyingi, badala ya kila mmoja kusimama ukumbini kusema lake na kumaliza muda wa watu, alisimama mmoja akasema kwa niaba ya wengi. Sauti moja yenye watu wengi nyuma yake ilisikika kuliko sauti nyingi zenye mtu mmoja mmoja. Wazungu wa nchi zenye vyuo vikubwa vya teolojia walishangaa kuona wale waliodhaniwa kuwa wanafunzi ndio waliojipanga vizuri kuwashinda wengi. Katika mambo yaliyowagusa sana Waafrika, kama vile kusali kwa lugha za wenyeji na kupokea mila njema za watu ndani ya ibada, walifika ukumbini wakiwa na neno moja.

Kuna watu wanaosema kwamba Rugambwa hakuwa msemaji mkubwa wala mwandishi wa vitabu, na kwamba wengine, kama Zoa, ndio waliokuwa moto. Sikatai. Ila mimi katika vikao ishirini vya idara huhitaji wasemaji kumi na mwenyekiti mmoja, na wasemaji ndio wanaopatikana kwa urahisi. Kuketi kitini na kuwaacha wenye vipaji kuliko wewe katika jambo fulani waonekane, bila wewe kupotea na bila wao kuvunja kikao, ni kazi ya watu wachache. Kazi ile iliyoanzia Roma haikufa. Mwaka 1969, Papa Paulo wa Sita alipokuja Kampala, maaskofu wa Afrika na Madagaska walianzisha baraza lao la kudumu, lile linaloitwa SECAM.

Tarehe 19 Desemba 1968 alihamishiwa Dar es Salaam kuwa Askofu Mkuu, mahali pa Askofu Mkuu Edgar Maranta, Mswisi wa shirika la Wakapuchini. Alikuwa na miaka 56. Safari hii hakuwa akiongoza watu wa kwao. Pwani si Buhaya. Mapadri walikuwa wa makabila na mataifa mbalimbali, Waislamu walikuwa majirani wa kila siku, na Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa karibu miaka miwili. Muda si mrefu shule za mashirika zikachukuliwa na Serikali, ingawa seminari, ikiwamo Rubya yetu, ziliachwa mikononi mwa Kanisa. Kwa mtu aliyehangaikia elimu kiasi kwamba shule ya sekondari ya wasichana ya Bukoba inaitwa kwa jina lake, hilo halikuwa jambo dogo. Kanisa na Serikali havikuvunja uhusiano. Yeye na Mwalimu Nyerere, ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza katika njia yake, walibaki watu wa kuheshimiana.

Dar es Salaam alikaa zaidi ya miaka 23. Alishiriki kumchagua Papa mara tatu, mwaka 1963 na mara mbili katika mwaka 1978. Mwaka 1990 alimpokea Papa Yohane Paulo wa Pili nchini. Mwaka huo huo, mwezi wa Januari, alikuwa amekwisha kupewa askofu mwandamizi, Polycarp Pengo, na tarehe 22 Julai 1992, akiwa na miaka 80 na siku kumi, alistaafu na kumwachia jimbo. Kwa mara ya pili alimwachia kiti mtu aliyekwisha kuwa ndani ya nyumba.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 8 Desemba 1997, zikiwa zimebaki siku nne tu kutimia miaka 54 ya upadri wake. Kanisa Kuu la Bukoba, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelijenga, lilikuwa na hitilafu na lilihitaji kutengenezwa upya, kwa hiyo akazikwa kwa muda Kashozi, misioni ya kwanza ya Buhaya, iliyoanzishwa mwaka 1892. Alikaa huko karibu miaka 15. Mwezi wa Oktoba 2012 mabaki yake yalihamishwa kwa maandamano makubwa na kulazwa ndani ya Kanisa Kuu.

Wenzetu watakaosafiri kuja kwenye mkutano kwa njia ya Biharamulo watapita kwetu Kimwani kwanza, hapo Kyamyorwa, kabla ya kufika Muleba. Wenye magari yao wanaweza kukunja Kamachumu wakapaona Bukongo alikozaliwa, kisha wateremke Bukoba mjini. Kanisa Kuu liko katikati ya mji na halina haja ya kuulizwa.